Mpango wa Misitu Usiandikwe Bila Wenyeji
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa tuseme juu ya hifadhi ya misitu, wanyama na mimea, mambo ambayo wataalamu huyaita bayoanuwai. Twajua wako watakaouliza, hiyo si kazi ya Bwana Misitu na Bwana Nyama? Chama kinaingiaje? Kinaingia kwa kuwa jambo hili ni la ardhi, na ardhi ina watu.

Tangu Mjerumani Wissmann alipotoa amri zake za uwindaji mwaka 1896, desturi ilikuwa moja: mkubwa huchora mpaka juu ya ramani, mwenyeji huambiwa baadaye. Mwaka 1958 serikali ya Kiingereza iliwatoa Wamasai Serengeti kwa karatasi iliyotiwa sahihi na wazee 12, wakaahidiwa Ngorongoro. Ubishi juu ya Ngorongoro haujaisha mpaka leo. Wala tusimlaumu mkoloni peke yake. Kufikia mwaka 1988 wafugaji walikuwa wameondolewa Mkomazi, na bendera iliyokuwa ikipepea siku hizo ilikuwa yetu wenyewe.

Sasa limekuja jambo jipya. Mwezi wa Desemba 2022, mataifa yalikutana Montreal yakapatana kwamba ifikapo mwaka 2030, asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe katika hifadhi. Nchi yetu imo katika mkataba huo wa viumbe tangu 1996, kwa hiyo hatuna budi kuwa na mpango wa taifa. Lakini mbuga, mapori ya akiba na misitu ya serikali vimekwisha kuchukua zaidi ya robo ya nchi kavu yetu. Swali kubwa basi si kuongeza mipaka. Swali ni nani atakayeulinda msitu mwaka wa ukame, ng'ombe wanapokufa na sufuria haina kitu. Askari mmoja na bunduki yake hawezi.

Tutazame Shinyanga, maana pale tumeona pande zote mbili. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa eneo kubwa ili kumwondoa mbung'o na kupata nafasi ya pamba na mifugo. Wasukuma walikuwa na dawa yao ya zamani, ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa masika, nyasi na miti ikakua, ikafunguliwa kiangazi wanyama wapate kula. Ilipokuja operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970, watu walihamishwa mbali na ngitili zao, na kitu kisicho na mwenyewe hakidumu. Nchi ikawa nyeupe kwa vumbi.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi iliyoitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kwanza walipeleka miche. Baadaye wakapata akili ya kuwauliza wenyeji, nao wenyeji wakajibu: ngitili. Amri zilitungwa katika mkutano wa jadi, dagashida; mvunjaji alikamatwa na sungusungu, akatozwa faini na watu anaowafahamu. Hesabu zilizochapishwa zasema ngitili zilizosalia mwaka 1986 zilikuwa kiasi cha hekta 600. Kazi ilipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika mkoa wa wakati ule, kabla haujakatwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Ndege na wanyama wadogo walirudi. Kuni zikapatikana karibu, asali na dawa za miti pia, na ukame ulipokuja watu walikuwa na cha kuuza na ng'ombe walikuwa na cha kula.

Lakini tusiisifu Shinyanga kupita kiasi. Ngitili nyingi ni za watu binafsi, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa. Mjane asiye na ng'ombe apata nini? Apata kuni za ngitili ya kijiji, kama kijiji kinayo, na kama wanaume walioketi mkutanoni walikumbuka kumwachia. Huyu ndiye atakayeingia msituni usiku na panga, wala hatuwezi kumwita mwizi kabla hatujamwita mkutanoni. Mapatano ya Montreal yenyewe yataja wanawake, vijana na walemavu kuwa washiriki katika kuamua.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimekipa kijiji haki ya kumiliki na kuhifadhi msitu wake. Kule Babati, watu wa Duru-Haitemba walikwisha kuikataa serikali isiuchukue msitu wao, wakaulinda wenyewe, hata kabla sheria hiyo ya misitu haijatungwa.

Basi twataka mambo haya yapelekwe wilayani. Mpango wa taifa usomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kila kijiji kinachopakana na hifadhi, kabla haujatiwa sahihi. Uonyeshe waziwazi mwaka wa ukame nani ataruhusiwa kuingia wapi, kuchukua nini. Mapato ya msitu wa kijiji yatangazwe mbele ya watu, si ofisini. Wafugaji wanaohama wasubiriwe, maana mara nyingi mikutano huitwa wakiwa wako mbali na mifugo. Wajumbe wa kupeleka maneno haya tuwachague leo, kabla ya kuondoka hapa, na nusu yao wawe akina mama.

Uhuru na Kazi.