Majani Yaangukayo ni Akiba ya Shamba

(Hotuba kwa wanachama, Mkuza, Kibaha)



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzangu wamekwisha kunena habari za bei na mizani. Mimi naomba kunena juu ya mali ambayo haijapata kuandikwa katika daftari letu lo lote, nayo ni majani makavu ya nyua na mashamba yetu.

Kila kiangazi mikorosho na miembe hupukutisha majani. Twayafagia, twayakusanya, kisha twayatia kiberiti. Naitrojeni, ambayo ni chakula kikuu cha mimea, hupotea pamoja na moshi. Rutuba iliyobaki katika jivu huchukuliwa na mvua, kwa kuwa mchanga wetu wa Pwani haushiki kitu. Tena moto wa uani haujui mpaka. Huweza kuvuka ukala mikorosho ya jirani. Baadaye twakopa mbolea, na deni hukatwa katika malipo ya korosho. Je, hatukutupa cha bure tukanunua cha ghali?

Utazameni msitu wa Pugu, hapo Kisarawe. Chini ya miti iliyosalia hakuna mtu atiaye mbolea. Majani yenyewe huoza na kuirudishia ardhi nguvu.

Basi tufanyeje? Majani yafagiwe kabla korosho hazijaanza kuanguka, ili uokotaji uwe rahisi. Yakatwekatwe kwa panga, maana ni magumu kuoza. Yatiwe shimoni tabaka kwa tabaka pamoja na majani mabichi na samadi ya mbuzi au kuku. Yamwagiwe maji, yafunikwe, na kugeuzwa mara kwa mara. Yakiisha kuwa meusi na kunukia udongo, hiyo ni mboji. Mengine yatandazwe kwenye migomba na mboga ili yahifadhi unyevu, lakini yasigusane na shina, yasije yakaita mchwa. Majani ya mti wenye ugonjwa yasitandazwe chini ya mikorosho. Kwanza aulizwe Bwana Shamba.

Yuko atakayesema kwamba majani huficha nyoka. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema yafagiwe, lakini yasichomwe.

Naomba kila chama cha msingi kichimbe shimo moja la mfano kabla ya mvua za vuli. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Majani haya nayo tuyatie katika hesabu.