Paa la Zamani Si la Kuvunjwa kwa Harambee

(Haya ni maneno tuliyowaambia viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakufika wapate kuyasoma pamoja na wanakikundi wenzao.)

  Leo hatukuja na habari za mikopo wala za mbuzi wa maziwa. Tumekuja na habari ya paa. Na tutaanza kwa kukiri kosa, maana kosa lenyewe ni letu.

Kosa letu

Katika miaka ya 1990 tulikuwa na nyumba kuukuu ya misheni iliyokuwa ikivuja. Paa lake lilikuwa la yale mabati mazito ya kijivu ambayo wengi huyaita mabati ya simiti. Jina lake hasa ni asbesto. Tulitaka kuezeka upya, na pesa zilikuwa chache. Basi tukafanya kama tulivyozoea, tukaita harambee ya kazi.

Jumamosi moja vijana wakapanda juu na nyundo. Bati lililokataa kutoka wakalipasua, wakalitupa chini. Vumbi likajaa uwanja mzima. Akina mama wakafagia. Watoto wakaokota vipande, wakachorea ukutani kama chaki. Saa saba tukala githeri hapo hapo, nguo zikiwa nyeupe kwa vumbi, na tukacheka.

Mabati yaliyobaki mazima tukayagawia vikundi. Tulifikiri tunasaidia. Kikundi kimoja kikaezeka banda la kuku, kingine kikaezeka jiko. Vipande vikatiwa kwenye mashimo ya barabara. Hakuna aliyetuambia kuwa ni hatari, na sisi hatukuuliza.

Juzi juzi kikundi cha vijana kilikuja ofisini kuomba barua ya kupendekezwa. Walikuwa wameahidiwa kibarua cha kuondoa paa la nyumba za zamani za kupangisha. Watalipwa kwa siku, na mabati wachukue bure. Walikuwa wamefurahi kweli. Sisi tuliposikia neno “mabati ya simiti” tukaikumbuka ile Jumamosi. Barua hatukuwapa. Ndiyo sababu tumewaita leo.

Asbesto ni kitu gani?

Asbesto ni mwamba unaochimbwa ardhini. Ukipasuliwa hutoa nyuzi, kama vile jani la mkonge linavyotoa katani. Nyuzi hizo haziungui, haziozi, na zina nguvu. Kwa hiyo viwanda vilizichanganya na simiti na kutengeneza mabati ya paa, dari na mabomba ya maji. Hata breki za magari ziliwekwa asbesto. Katika bati la paa, asbesto ni kama sehemu 10 hadi 15 katika kila 100. Iliyobaki ni simiti.

Hapa Kenya tuliiweka juu ya nyumba za wafanyakazi wa serikali na wa reli, juu ya shule, hospitali na nyumba za misheni. Ilionekana kuwa kitu cha maana. Haikupiga kelele mvua iliponyesha, na nyumba haikuwa na joto kama ya bati la chuma.

Utaitambuaje? Ni bati la mawimbi, la kijivu, nene kama nusu sentimita au zaidi kidogo. Ukiligonga halilii kama chuma. Likipigwa huvunjika kama sahani, na kwenye ukingo uliovunjika pengine utaona vinyuzi. Lakini macho peke yake hayatoshi, maana kuna mabati yanayofanana nayo ambayo hayana asbesto. Ni maabara tu inayoweza kuthibitisha. Kama nyumba ni ya zamani na hujui, ichukulie kuwa ni asbesto mpaka uambiwe vingine.

Inadhuru vipi?

Ubaya hauko katika kuligusa bati. Uko katika vumbi. Bati likivunjwa, likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au likisuguliwa, nyuzi hutoka hewani. Ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana, huwezi kuziona wala kuzinusa. Ukizivuta huingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hazitoki tena.

Magonjwa yake ni haya. La kwanza, mapafu hupata makovu na kukakamaa, mtu akawa anahema kwa shida hata akitembea polepole. La pili ni saratani ya mapafu. Na mtu aliyevuta vumbi hilo na pia anavuta sigara, hatari yake inazidi maradufu. La tatu ni saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo, ambayo karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya asbesto waliyoipata kazini.

Sasa sikilizeni jambo linalotudanganya. Ugonjwa huu hauji kesho. Huchukua miaka 20, 30, hata 40 na zaidi. Kijana anavunja paa leo, jioni anakula ugali wake vizuri, anasema, “Si mnaona? Niko sawa!” Atakapoanza kukohoa atakuwa mzee mwenye wajukuu, na hakuna atakayekumbuka lile paa. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya kila aina mwaka 1999, lakini hata baada ya miaka 20 watu zaidi ya 2,000 walikuwa bado wakifa kila mwaka kwa ile saratani ya utando peke yake, kwa vumbi walilovuta zamani.

Wala si ugonjwa wa wachimba migodi tu. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa 33 wenye saratani hiyo. Karibu wote walikuwa wameishi au kufanya kazi mahali palipokuwa na asbesto ya rangi ya buluu. Miongoni mwao walikuwamo wake wa nyumbani, watumishi wa nyumbani na wachunga ng'ombe. Wengine hawakuwahi kushika sururu ya mgodi. Afrika Kusini yenyewe iliipiga marufuku mwaka 2008.

Tusitiane hofu kupita kiasi. Hatari huongezeka kadiri vumbi lilivyo jingi na kadiri siku zilivyo nyingi. Siku moja si sawa na miaka kumi kazini. Lakini hakuna kiasi ambacho wataalamu wamethibitisha kuwa ni salama kabisa. Kwa hiyo cha busara ni kutokuvuta hata kidogo.

Paa zima liachwe

Hapa watu wengi hukosea. Wakisikia asbesto ni mbaya, wanakimbilia nyundo. Hapana! Bati ambalo halijavunjika wala kubomoka, lililofungwa vizuri, halitoi vumbi la kutisha. Liache lilivyo. Usipande juu kusugua ukungu wa kijani. Usitoboe kuweka waya wa televisheni. Usikate sehemu ya kupitisha bomba la moshi. Liangalie kila mwaka ukiwa chini, uone kama limepasuka au linamomonyoka.

Na jambo jingine: bati hili halibebi mtu. Anayelikanyaga huweza kutumbukia na kuanguka sakafuni. Huo ni ubaya usiongoja miaka 30.

Likianza kuvunjika, au nyumba ikibomolewa, hapo lazima litoke. Na kulitoa ni kazi ya wataalamu.

Wataalamu hufanyaje?

Tunawaeleza haya ili mjue kumtambua mwanakandarasi wa kweli. Hatuwaelezi ili mkafanye wenyewe.

Kwanza huondoa watu wote na mifugo, hufunga mahali kwa kamba, na huweka kibao cha onyo. Huvaa ovaroli ya kutupwa baada ya kazi, gambuti, glavu, na maski maalumu ya kuzuia vumbi jembamba sana. Leso haitoshi, wala ile maski ya hospitali. Hutandika plastiki nzito chini.

Pili hunyunyizia paa maji yenye sabuni kidogo, polepole, ili vumbi lisiruke. Husimama juu ya majukwaa au mbao za kupitia, si juu ya bati. Hufungua au kukata bolti moja moja, na kuteremsha bati likiwa zima. Hawatupi chini, hawatumii msumeno wa umeme.

Tatu hufunga mabati kwa plastiki nzito mara mbili, hubandika alama ya hatari, na huokota kila kipande. Hawafagii kukiwa kukavu. Nguo na maski hufungwa pamoja na taka zile. Mfanyakazi huoga kabla ya kwenda nyumbani, asimpelekee mkewe na watoto vumbi.

Mwisho mabati hupelekwa mahali palipoidhinishwa na kuzikwa. Hayachomwi, kwa maana asbesto haiungui. Hayatupwi korongoni wala mtoni.

Sheria inasemaje?

Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinaiweka asbesto katika taka za hatari. Anayezisafirisha lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, na kila mzigo lazima uwe na hati ya kufuatilia taka, inayoonyesha zilikotoka na zilikofikishwa. Kwa hiyo lori la jirani halifai, hata kama ni la bure.

Kabla ya kikundi kutia sahihi, fanyeni haya:

1. Nendeni ofisi ya NEMA ya kaunti yenu, muulize ni nani wenye leseni.
2. Mwambieni mwanakandarasi aonyeshe leseni yenyewe. Linganisheni jina na tarehe. Maneno ya mdomo si leseni.
3. Ombeni bei kwa maandishi, na iandikwe kuwa inahusu kutoa, kufunga, kusafirisha na kuzika.
4. Wekeni pesa za kuondoa paa katika bajeti kabla ya kununua hata bati moja jipya.
5. Msimalize kulipa kabla hamjapata nakala ya hati ya kufuatilia taka. Katibu aihifadhi katika faili.

Anayekuja na bei ya chini sana, muulize mabati atayapeleka wapi. Akisema atayauza, mfukuzeni.

Maswali mliyoyauliza

Mama mmoja aliuliza: Maji ya mvua kutoka paa la asbesto yanaua? Ubaya mkubwa uliothibitishwa ni wa kuvuta vumbi kwa pumzi. Kwa maji ya kunywa haujathibitishwa hivyo. Hata hivyo, paa likiwa linamomonyoka, afadhali mteke maji kwingine, na msikorogee matope ya mfereji wake yakiwa makavu.

Mzee mmoja aliuliza: Na yale mliyotugawia? Mzee, swali hilo ni haki yako. Kama bado yako juu ya banda na ni mazima, yaacheni hapo hapo, na mtuandikie jina la kikundi na idadi. Tunaweka orodha ili yaondolewe pamoja na mwenye leseni, na gharama hiyo si yenu, ni yetu. Vipande vilivyo chini msivisage wala msivifagie. Vifunikeni, watoto wasivichezee, mtuite.

Na ninyi mliokuwa juu ya paa ile Jumamosi, mkienda zahanati kwa shida ya kifua, mwambieni daktari kwamba mliwahi kuvuta vumbi la asbesto. Asiposikia hilo atafikiria kifua kikuu au pumu peke yake. Anayevuta sigara aache sasa.

Kijana mmoja aliuliza: Basi sisi tutakosa kibarua? Hapana. Wale vijana tuliowanyima barua walirudi kwa mwenye nyumba, wakamweleza haya yote. Alikasirika mwanzoni, kwa sababu ya gharama. Baadaye akamtafuta mwenye leseni. Mahali palipokwisha kusafishwa, vijana hao ndio walioezeka mabati mapya ya chuma, wakalipwa. Kazi ilichelewa, pesa walipata, na mapafu yao wanayo.

Harambee imetujengea shule, visima na barabara, nasi hatuikatai. Lakini iko kazi ambayo mikono mingi huiharibu. Mikono mingi juu ya paa la asbesto ni mapafu mengi ndani ya vumbi. Safari hii tuchange pesa, tusichange vifua vyetu.

Ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni nyumba gani kijijini kwetu zenye paa au dari ya asbesto? Ziko katika hali gani?
2. Kuna vipande vinavyotumika kwa kazi nyingine, kama kufunika choo au kutengeneza kihori cha kuku?
3. Ni nani kati yetu atakayekwenda ofisi ya NEMA, na lini?
4. Mzazi mwenzetu akiita vijana wavunje paa Jumamosi ijayo, tutamwambia nini?