Majibu ya Streptokoka B Yamfuate Mama Hadi Leba

Mada niliyopewa hapa Kikoneni, mbele yenu wauguzi, maafisa wa kliniki na wahamasishaji wa afya ya jamii, ni namna ya kumsaidia mjamzito aliyepimwa akakutwa na streptokoka kundi B. Ya msingi mnayajua, nitayapitia haraka. Ni bakteria anayeishi utumboni na ukeni, kwa kawaida bila kumsumbua mwenyewe. Huja na kutoweka, wala si ugonjwa wa zinaa. Mtoto humpata wakati wa kuzaliwa, au kabla, hasa chupa ikishapasuka. Mama asipopata dawa wakati wa uchungu, takriban nusu ya watoto humpokea bakteria huyo, lakini wanaougua ni mmoja au wawili katika kila mia. Hao wachache huugua vibaya: maambukizi ya damu, ya mapafu au ya utando wa ubongo.

Wapo wanaoliona hili kuwa jambo la hospitali za kulipia za Diani na Mombasa, kwa kuwa huko ndiko kipimo chenyewe kinakopatikana. Majirani zetu wa Kilifi wametuonyesha vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima wajawazito 7,967 wa pwani ukawakuta asilimia 12 na bakteria huyu. Miongoni mwa watoto walioanza kuugua mapema na wakatibiwa, 17 kati ya 36 walifariki. Hospitalini ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa 0.76 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, ilhali kwa hesabu ya jamii nzima ulishuka hadi 0.13; watafiti wenyewe walieleza kuwa huenda wengi waliozaliwa nje ya hospitali hawakufika kuhesabiwa. Kadhalika, wanawake wa kipato cha chini walikuwa na bakteria huyu kwa uchache zaidi, lakini waliokuwa naye walielekea zaidi kubeba ukoo wake mkali kuliko zote. Ikiwa karibu nusu ya wanaotibiwa wanakufa, basi kazi yetu kubwa iko kabla mtoto hajatoka, na jambo hili linamhusu mama wa Kikoneni sawa na wa Diani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikubali mwaliko huu, nalo nimelipigania miaka mingi. Mama hupimwa akiwa na wiki 36 au 37, majibu yakaonyesha kuwa anaye, akapewa vidonge vya amoksilini vya siku saba na kuambiwa amepona. Vidonge hivyo havimkingi mtoto. Bakteria hupungua kisha hurudi kutoka utumboni, na siku ya uchungu mara nyingi huwa yupo tena. Kinachomkinga mtoto ni sindano ya mshipa wakati wa uchungu wenyewe: penisilini, au ampisilini gramu 2 kisha gramu 1 kila saa 4, ianze angalau saa 4 kabla ya kujifungua. Marekani ilipoufuata utaratibu huo, ugonjwa wa siku za mwanzo ulishuka kutoka 1.8 kwa watoto 1,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 0.23 mwaka 2015. Isipokuwa bakteria ameonekana kwenye mkojo kwa kiwango cha kutibiwa, ambapo mama hutibiwa papo hapo na sindano ya leba bado humngoja, vidonge vya kliniki ni vya kumtuliza mama na aliyemwandikia. Ubaya wake ni mkubwa kuliko kutompa kitu: mama anaamini yamekwisha, kijitabu cha Mama na Mtoto hakiandikwi neno, na muuguzi wa zamu ya usiku anampokea bila kujua.

Najua hoja za upande wa pili, na si nyepesi. Moja ni kwamba kutokwa damu na kifafa cha mimba vinaua zaidi, kwa nini tuhangaike na hili? Lakini mama ninayemzungumzia ameshapimwa na majibu anayo mkononi. Tunachohitaji ni mstari mmoja wa wino na dawa iliyo ya kawaida kwenye vituo vyetu. Nyingine ni usugu wa dawa, na hapo nakubali kwa moyo wote. Ndiyo maana dozi chache za leba ni bora kuliko wiki nzima ya vidonge visivyo na kazi. Swali la kuwapima wajawazito wote ni la Wizara, na mada hii hailigusi.

Mapendekezo yangu basi. Majibu yaandikwe kwenye ukurasa wa mbele wa kijitabu, kwa wino mwekundu, pamoja na mzio wa penisilini kama upo, na yarudiwe kwenye barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Msambweni. Vidonge visitolewe kwa sababu ya kipimo cha ukeni pekee. Mama aelezwe, na mume au mama mkwe akiwepo iwapo mwenyewe ameridhia, kwamba majibu haya si dalili ya uzinzi wake wala wa mume, mume hahitaji dawa, upasuaji hauhitajiki kwa sababu hii, na atanyonyesha kama kawaida. Chupa ikipasuka aondoke nyumbani saa hiyohiyo, usiku au mchana, asingoje uchungu ukolee, kwa sababu zile saa 4 huanza kuhesabiwa sindano inapoingia. Nauli na gari vipangwe mapema pamoja na mhamasishaji wa afya wa kijiji. Akifika, neno la kwanza kwa muuguzi liwe majibu yake. Mtoto aangaliwe kwa karibu saa 24 za kwanza. Na kwa kuwa sindano ya leba haizuii ugonjwa unaokuja baada ya wiki ya kwanza, mama ajue kwamba kugoma kunyonya, joto, kulegea au kupumua kwa kasi ni safari ya hospitali, hata mtoto akiwa na miezi miwili. Kwa idara ya afya ya kaunti ombi langu ni kwamba penisilini na ampisilini za sindano zisikosekane katika kituo chochote kinachozalisha, na majibu ya kliniki yasiyoandikwa kijitabuni yajadiliwe kwenye vikao vya kila mwezi vya vifo vya watoto wachanga, kituo kwa kituo.