Majina ya mto wetu

Ndugu wanakisomo, Mto Msimbazi unatoka huku huku kwetu, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Leo tuufuate mpaka Jangwani, tusimame.

Jangwa ni mahali patupu. Basi watu wakapaona patupu, wakajenga. Kumbe mwenyewe ni mto! Desemba 2011 ulijaa, nyumba zikazama, watu wakahamishiwa Mabwepande.

Unapoingia baharini pana daraja la Salenda. Hilo ni jina la Bwana Selander, mkuu wa kazi za ujenzi zamani za Mwingereza. Wenyeji wamelilainisha tu. Lake limeandikwa. Lakini madimbwi ya huku juu tunamovua kambare, majina yake yamo vinywani mwa wazee.

Jumatano njooni na daftari. Wazee watataja, sisi tutaandika.