Meza ya Jikoni: Sementi, Mbao au Vigae?

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)

Leo tumeombwa tuongee juu ya meza ya jikoni. Sio ile ya kulia chakula. Tunasema ile iliyojengwa kando ya ukuta, mahali mama anakatia sukuma wiki, anasukumia chapati na kuweka sufuria. Vikundi vingi vimemaliza mambo ya mabati na matangi ya maji, na sasa pesa za mzunguko zinaelekea jikoni. Ni jambo zuri. Mama anayekata mboga akiwa ameinama asubuhi na jioni, mgongo wake unajua. Na sufuria ya uji ikiwa chini, mtoto anayetambaa anaifikia.

Taabu imeanza kwenye kuchagua. Kikundi kimoja tunachokitembelea kilikuwa karibu kuvunjika. Wengi walitaka vigae vyeupe, kama vile wameona mjini, na kila mwanachama avinunue zamu yake ikifika. Lakini pesa za zamu hazikutosha vigae. Wenye mshahara nyumbani wangeongeza, na wajane watatu wangelazimika kukopa. Tulikaa nao alasiri nzima. Mwishowe wakakubaliana kwamba kikundi kitalipia meza ya sementi kwa kila nyumba, na anayetaka vigae ataongeza baadaye kwa mfuko wake mwenyewe, maana vigae vinawekwa juu ya sementi hiyo hiyo. Huyo amwambie fundi mapema asilainishe uso wake.

Kusema kweli, hata mwenye pesa afikirie. Vigae vinapanguswa haraka na vinapendeza, lakini ukikata mfupa kwa panga juu yake kimoja kitapasuka, na ile mistari katikati ya vigae inashika unga na mafuta. Mbao ni rahisi kupata, na kisu kinaipenda. Lakini mbao ya saipresi ikilowa kila siku inaoza, mchwa wanaijua, na sufuria ya moto inaiachia alama nyeusi. Wengine wanapigilia karatasi ya nailoni juu. Hiyo hapana! Inayeyuka, na chini yake ni makao ya mende. Afadhali kipande cha ubao cha kukatia, unakiosha na kukianika juani.

Sasa sementi. Meza ya urefu wa mita 1.8, upana sentimita 60 na unene sentimita 5 haimalizi hata nusu ya mfuko wa kilo 50. Kwa hivyo mfuko mmoja unatosha nyumba mbili, na ya kulainishia juu inabaki. Tunawashauri mpange zamu wawili wawili, majirani, mfuko ufunguliwe na kuisha siku hiyo. Sementi iliyofunguliwa inavuta unyevu na kuganda, na hiyo ni pesa ya kikundi imekuwa jiwe.

Mchanganyo ni karai moja la sementi, mawili ya mchanga safi, manne ya kokoto ndogo. Maji yawe kidogo. Ikimwagika kama uji, imeharibika. Ndani ilazwe wavu wa chuma. Meza hiyo itakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 120, kwa hivyo isiegemezwe kwa ukuta wa udongo. Ijengewe miguu mitatu ya matofali au mawe, kila mguu na msingi wake.

Hapa mafundi wengi wanakimbia: wanamwaga leo, kesho wanadai malipo. Sementi inapata nguvu ikiwa na maji. Ifunikwe kwa magunia yaliyolowa, imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku 7, hata kama ni kiangazi na maji yanatoka mtoni. Msimlipe fundi salio kabla ya siku hizo. Halafu mjue kwamba ndimu, nyanya na maziwa lala vinakula uso wa sementi, basi panguseni mara moja. Na moto wa kuni usiwashwe juu yake, utaipasua.

Jambo moja tumeliona nyumba nyingi. Baba ndiye anaongea na fundi, na fundi anajenga kimo alichozoea. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mama mfupi anabaki anainua mabega mchana kutwa, na mrefu bado anainama. Mwenye kupika asimame wima, akunje kiwiko, apime kutoka kwenye kiwiko kushuka upana wa kiganja. Hapo ndipo uso wa meza unafika. Kwa wengi itakuwa kati ya sentimita 85 na 90, lakini msichukue namba yetu, pimeni mwili. Kama mnaopika ni wawili, mama mkwe na mke wa mwana, fuateni yule anayekaa jikoni zaidi.

Mkutano wa mwezi ujao, kila mama ambaye zamu yake iko karibu alete kamba iliyokatwa kwa kimo hicho, tangu sakafuni mpaka hapo. Mweka hazina ataifungia karatasi yenye jina, na fundi atapewa kamba hiyo pamoja na malipo ya kwanza.