Mnyororo wa Marley



Mwaka 1843 Charles Dickens wa Uingereza alitoa hadithi ya Scrooge, tajiri bahili wa London. Mkesha wa Krismasi alijiwa na mzuka wa Marley, mshirika wake wa biashara aliyekufa miaka 7 kabla, amefungwa mnyororo wa funguo, makufuli, madaftari na makasha ya fedha. Mnyororo huo aliufua mwenyewe alipokuwa hai.

Twadhani Scrooge aligeuzwa na hofu tu. Sivyo. Roho wa kwanza alimwonyesha utoto wake, ameachwa peke yake shuleni. Akalia; mara akamkumbuka mtoto aliyeimba mlangoni pake jioni ile, naye akamfukuza. Akatamani angalimpa kitu. Kulipokucha alipeleka bata mzinga nyumbani kwa karani wake, kisha akamwongeza mshahara.

Hapa Sudi wengi wetu ni Waislamu, hawana Krismasi. Lakini daftari la madeni twalijua sote. Basi mwenye daftari na aikumbuke siku aliyokuwa yeye mkopaji. Mnyororo hukatwa na aliye hai.

Kwaherini.