Mcheza kwao hutuzwa, mkulima wetu je?

Wiki hii nataka kuwasimulia juu ya ua moja dogo nililolikuta mbali sana na kwetu, na swali nililoulizwa niliporudi nyumbani Lushoto.

Mwishoni mwa Agosti 2019 nilikuwa Marekani, katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kwa mafunzo mafupi ya utangazaji. Ijumaa jioni mwenyeji wangu, mama wa makamo aliyekulia shambani, aliniambia: "Kesho na keshokutwa hakuna kusoma. Tunakwenda kwenye maonyesho." Nikadhani ni kama Sabasaba yetu pale Barabara ya Kilwa. Nilikosea.

Maonyesho ya Jimbo la Minnesota yalianza mwaka 1859, mwaka mmoja tu baada ya Minnesota kuwa jimbo. Siku hizi huchukua siku 12. Mwaka ule waliingia watu zaidi ya milioni mbili na laki moja, katika jimbo lenye watu wapatao milioni tano na nusu. Basi fikirieni msongamano wake! Vyakula vingi huchomekwa kijiti kama mishikaki. Na kuna chumba cha baridi chenye kuta za vioo, ambamo msichana aliyechaguliwa malkia wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huketi na koti lake zito, huku mchongaji akichonga sura yake katika bonge la siagi la kilo 40 na ushei. Nilicheka, nikawaza zingepakwa mkate watu wangapi.

Lakini nilipoingia mabanda ya mifugo kicheko kilikwisha. Humo walikuwamo watoto wa vijijini na mifugo waliyoilea wenyewe. Binti mmoja, sidhani kama alikuwa ametimiza miaka 13, alikuwa anampiga ndama wake brashi. Nilimuuliza maswali kama mwandishi wa habari, naye akanijibu kama bwana mifugo: amezaliwa lini, ana kilo ngapi, anakula nini. Kisha wakaingia uwanjani. Mwamuzi aliwapanga, akashika kipaza sauti, akaeleza mbele ya watu wote kwa nini huyu ni wa kwanza na kwa nini yule ni wa pili. Aliyeshindwa aliondoka anajua la kurekebisha mwakani.

Jumapili tulikwenda banda la mazao na maua. Viazi vimepangwa kwenye sahani, karoti zimeoshwa, mahindi yamemenywa. Mbele ya kila sahani kuna kadi yenye jina la aliyelima. Wa kwanza hupata utepe wa buluu, wa pili mwekundu, wa tatu mweupe. Kwenye kona moja, ndani ya vyungu vidogo, nikaona maua ya zambarau yenye kitovu cha njano na majani yenye vinyweleo laini. Mojawapo lilikuwa na utepe wa buluu. Mwenyeji wangu akanisomea kadi: jina la mama aliyelikuza, na jina la ua, yaani urujuani wa Afrika.

"La kwenu hilo," akaniambia kwa utani. Hakujua amesema kweli kiasi gani.

Ua hilo, ndugu wasikilizaji, ni la Usambara. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huku Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akaliita Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya huyo ofisa. Mwaka 1927 mbegu zake zilifika kwa wakuza maua wa California, na leo limo madirishani mwa nyumba nyingi za Wamarekani. Wajerumani angalau hadi leo huliita urujuani wa Usambara. Kwenye ile kadi hapakuwa na Usambara, wala Tanga, wala Tanzania.

Niliporudi nilipanda hadi Shume kumsalimia shangazi yangu, mkulima wa viazi na kabichi. Baada ya shikamoo na habari za safari, nilimwonyesha picha kwenye simu.

"Hili?" akasema. "Hili lipo kule korongoni, kwenye mawe ya kivulini. Huyo aliyeshinda kapewa nini?"

"Utepe, shangazi."

"Utepe tu?"

"Utepe, na jina lake kwenye kadi, watu wote wakalisoma."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mimi viazi vyangu vinakwenda Kariakoo huu mwaka wa thelathini, baba. Huko yupo anayejua jina langu?"

Sikuwa na jibu.

Sisemi kwamba hatuna maonyesho. Tunayo Nane Nane, na wapo wakulima na wafugaji wanaotuzwa. Lakini mkulima wa kawaida wa Shume, Mlalo au Bumbuli, akipata nauli ya kwenda Morogoro, huenda kutazama. Mabanda makubwa ni ya wizara, mabenki, na wauza mbegu na matrekta. Yeye hupita na mfuko wa vipeperushi, ilhali sherehe ni yake.

Na jambo hili si la fahari tu. Kiazi kisicho na jina huingia katika gunia la lumbesa, kikafungwa kilemba juu, na bei ikapangwa na mnunuzi. Sheria ya Vipimo inakataza, lakini nani atabishana kwa niaba ya mtu asiyejulikana? Hata lile ua liko hivyo hivyo. Aina yake moja wataalamu waliipa jina la Shume, lakini wangapi Shume wanalijua? Msitu ukikatwa, jua likapiga yale mawe, ua hufa, wala hakuna wa kuuliza.

Rai yangu ni ndogo. Kila tarafa ya Lushoto itenge siku moja ya mavuno. Haitaki siagi ya kuchonga. Inataka meza, mizani iliyohakikiwa, bwana shamba wa kuamua na kueleza sababu, na kadi yenye jina la mkulima na kijiji chake. Shule zilete watoto na kuku wao na miche yao. Wanunuzi wa Kariakoo waalikwe, wajue viazi vizuri vinatoka kwa nani, na wavikute juu ya mizani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Shangazi yangu amecheza kwao miaka thelathini. Hadi wiki ijayo, kwaherini.